Picha Ndefu ya Barabara ya Bafwasende

Sikujua binti Sefu alijua kupika gundi kabla ya kujua kupika wali. Baba yake, Papa Sefu, alikuwa mjalidi wa vitabu huko Kabondo, katika mji ambao Wabelgiji waliuandika Stanleyville na wenyeji wakauita Kisangani, kama walivyouita siku zote. Papa Sefu alijalidi misahafu iliyochakaa, madaftari ya maduka, na vitabu vya nyimbo vya wamisionari pia. Gundi yake ilikuwa wanga wa muhogo uliokorogwa juu ya moto mdogo hadi uwe kama uji mwepesi, kisha ukatiwa chembe ya mrututu ili wadudu wasiule. Kazi ya kukoroga ilikuwa ya Sikujua tangu akiwa na miaka sita. Alipofika kumi alipewa kisu.

Aliolewa mapema, akazaa binti mmoja, Nyota. Mumewe akaenda pande za Bunia kutafuta kazi ya migodi, hakurudi wala hakuandika. Mwaka wa 1958 Sikujua alirudi kwa baba yake na mtoto mgongoni. Mama yake alikuwa amekwisha kufa, na kile kisu alikikuta palepale alipokiacha, juu ya mbao ya kukatia.

Mwaka huohuo akaja Zéphirin. Zéphirin alikuwa mtoto wa Wagenia, wale wavuvi wa maporomoko wanaosimika miti yao katikati ya maji yanayochemka na kutega samaki kwa vizimba virefu vya fito. Ndugu zake wote walikuwa wavuvi. Yeye maji yalimpa kizunguzungu, kwa hiyo akajifunza kupiga picha, na sasa alikuwa na studio yake ndogo huko Makiso, karibu na bandari. Siku ile alileta picha tano za maporomoko ya kwao.

"Papa Sefu," alisema, "niko nataka picha moja, hapana picha tano."

Alikuwa amesimama mahali pamoja, akageuza kamera kidogokidogo kutoka ukingo huu hadi ule, ili mto wote uingie. Tatizo lilikuwa kuziunganisha. Alizikata, akazibandika ubaoni, na mahali pa kuungana pakaonekana kama kovu.

Papa Sefu alizisogeza karibu na pua, maana macho yake yalikuwa yameanza kuisha, kisha akampa binti yake. Sikujua akazilaza mezani. Alizitazama muda mrefu hata Zéphirin akaanza kuhamahama miguu.

"Hapa ulikata na rula," alisema Sikujua.

"Ndiyo. Rula iko nanyooka."

"Maji haiko nanyooka. Basi lazima kukata pale maji iko napita."

Zéphirin akatoa nakala nyingine tano kutoka filamu ileile, na Sikujua akakata kwa kufuata ukingo wa povu, halafu mti mmoja wa wavuvi toka juu hadi chini, halafu mgongo wa jabali. Kingo za karatasi alizikwangua kwa nyuma hadi zikawa nyembamba kama ganda la kitunguu. Akazibandika juu ya kitambaa cheupe, kama baba yake alivyokuwa akibandika ramani za mawakala wa barabara. Ilipokauka, Zéphirin alifumba macho, akapitisha kidole juu ya picha toka mwanzo hadi mwisho. Hakugusa kovu lolote.

"Kesho kuya kwangu Makiso," alisema. "Bibi yangu Berthe anakaa kule kutwa nzima, Papa Sefu asiwe na wasiwasi."

Ndivyo Sikujua alivyoingia kazini. Berthe, mke wa Zéphirin, alikaa mbele na wateja. Zéphirin alikuwa katika chumba cha giza na dawa zake. Sikujua alikaa dirishani, penye mwanga mzuri, na kisu. Picha zile walizoea kuziita picha ndefu. Alijifunza kwamba picha mbili jirani lazima zishirikiane theluthi moja, la sivyo hakuna pa kukatia. Kwamba anga ndilo gumu kuliko vyote, kwa kuwa wingu halingoji mtu. Na kwamba kila picha lazima iogeshwe dawa muda uleule, maana moja ikizidi weusi, nchi nzima inaonekana imevunjika.

Uhuru ulipofika mwaka wa 1960, studio ilijaa. Watu walikuja na tai, na viatu vya kuazima, na watoto waliopakwa mafuta hadi wakang'aa. Kila mtu alitaka kuonekana. Katikati ya shughuli hiyo akaja mkaguzi mmoja wa shule aliyeitwa Timothée, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, akasimama mbele ya ile picha ndefu ya maporomoko iliyotundikwa ukutani.

"Watoto wetu wanataja mito ya Ubelgiji yote bila kukosea," alisema. "Mto wetu wa Lindi hawaujui, na uko hapa tu. Unaweza kuwapigia nchi yao, niiweke ukutani darasani?"

Zéphirin alisema anaweza, ingawa wakati ule hakuwa amefika hata Bafwasende, upande wa mashariki.

Timothée alichukua muda kupata ruhusa na mafuta. Mwanzoni mwa 1961, mvua ilipopungua, Zéphirin aliondoka na Urbain, kaka wa Berthe, aliyekuwa dereva mwenye gari kuukuu la mizigo. Sikujua aliomba kwenda. Papa Sefu alikataa. Hakukataa kwa ukali; alisema tu kwamba mwanamke aliyeachwa na mume ana maneno ya kutosha nyuma yake, asiongezewe mengine. Sikujua hakubishana naye. Alikaa dirishani wiki sita akikata picha za harusi.

Waliporudi, gari lilikuwa limepoteza taa moja na mlango mmoja, na Zéphirin alikuwa amekonda. Lakini alikuwa na filamu ya mahali kumi na moja. Kuanzia siku hiyo, kwa miezi mitatu, Sikujua alisafiri barabara ile akiwa amekaa. Zéphirin alivuta kiti kando yake na kumsimulia, kwa sababu bila kusimuliwa asingejua pa kukata.

"Hapa barabara inapita chini ya mianzi, iko kama nyumba. Tulingojea jua saa mbili. Hapa, ona hii jiwe, iko kama kichwa ya ng'ombe. Nyuma yake kuna barabara ya zamani ya shamba la kahawa. Hapa Urbain alikwama, ndiyo sababu anaonekana miguu tu."

Hivyo Sikujua akaifahamu kila kona. Alijua vijiji kwa mapaa yake, milima kwa migongo yake. Ilipofika zamu ya Ruwenzori, ile picha ya mwisho ya safari, aliona madoa meupe juu ya mlima. Akadhani dawa imeharibu filamu. Alikuwa amekwisha kupaka wino wa kijivu kwenye vilele viwili, kwa uangalifu mkubwa, Zéphirin alipoingia na kupiga yowe.

"Uko nafanya nini? Ile ni barafu!"

"Barafu ya wapi? Hapa ni Congo."

Zéphirin alikaa chini akacheka hadi akafuta machozi. Walikuwa wamengoja siku nne chini ya mlima ule, wamejifunika mablanketi, hadi asubuhi moja wingu lilipopanda kwa dakika ishirini na kuwaachia mlima. Alipiga picha tisa kwa haraka. Sikujua aliosha wino kwa pamba na maji, polepole, akiona haya, na kila doa jeupe lililorudi alilitazama kwa heshima.

Picha iliyomsumbua zaidi ilikuwa ya kivuko, kilomita mia na kumi kutoka mjini. Mto pale si mkubwa kama Lindi, lakini hauna daraja, na magari yalivushwa juu ya mitumbwi sita iliyofungwa pamoja na kuwekewa mbao. Mkuu wa wavushaji alisimama kushoto kabisa, mzee kidogo, kofia kichwani, kasia mkononi, amenuna kwa kuwa ameambiwa asitikisike. Na huyohuyo alisimama tena kulia kabisa, anacheka, amekumbatia kuku. Wakati Zéphirin anageuza kamera, mtu huyu alikuwa amepita nyuma yake.

"Mukate mumoja," alisema Zéphirin.

Sikujua alishika kisu asijue amwache yupi. Aliyenuna alikuwa na heshima yake, na aliyecheka alikuwa na kuku. Mwishowe akawaacha wote wawili. Timothée alipoiona alisema watoto watafikiri ni mapacha, naye hakuona ubaya wowote.

Picha zile zilitundikwa katika shule kadhaa za mji. Miaka miwili mitatu ikapita hivyo, miaka ya wasiwasi kwa wakubwa, lakini kwa Sikujua ilikuwa miaka ya kazi na ya mtoto anayekua.

Agosti ya 1964 waasi waliingia mjini. Ofisi zilifungwa, maduka yakafungwa, watu wenye tai wakazivua. Wiki ya tatu kundi la vijana wenye bunduki liliingia studio. Mkubwa wao alisimama mbele ya picha ndefu zilizokuwa ukutani: mito, vivuko, njia panda, milima.

"Hii ni ramani ya kuongoza ndege," alisema.

"Hapana, chef," alisema Zéphirin. "Iko picha ya barabara tu."

"Nani analipa mutu kupiga picha ya barabara?"

"Shule, chef. Kwa watoto."

Yule kijana alitazama tena, na Sikujua aliyekuwa dirishani aliona kwamba hakuamini, na zaidi ya hapo aliona kwamba anaogopa. Wakang'oa picha zote, wakamchukua na Zéphirin. Berthe aliwafuata hadi kona ya pili, wakamrudisha. Jioni ile Sikujua alimchukua Berthe, akampeleka Kabondo kwa baba yake, na Papa Sefu akamwachia mkeka wake mwenyewe. Wiki zikapita. Kila mtu aliyewapa habari za Zéphirin alikuwa na habari tofauti, na hakuna iliyokuwa njema.

Mwezi wa Novemba ndege zilikuja kweli. Askari waliteremka, waasi wakakimbia, na mitaa ikaanza kupekuliwa nyumba kwa nyumba. Waliokuwa wakiogopa waasi sasa waliogopa askari, maana risasi haikuuliza mtu alikuwa upande gani. Jirani wa kulia alipochukuliwa na wa kushoto akaondoka, Papa Sefu aliamua. Wataelekea Bafwasende, kwa ukoo wa marehemu mkewe. Walikuwa wanne: Papa Sefu na mguu wake uliovimba, akiegemea fimbo, Berthe na sufuria kichwani, Nyota, miaka saba, na Sikujua na furushi, na kisu ndani ya furushi.

Barabara kubwa haikupitika. Malori ya kila upande yalipita pale, na kila lori lilikuwa na maswali yake. Ilibidi watembee msituni kando ya barabara, mbali kiasi cha kutoonekana, karibu kiasi cha kutopotea. Siku ya pili walikwisha kupotea. Waliporudi barabarani kuchungulia, Sikujua aliona mianzi iliyokutana juu kama paa, akasimama.

"Mbele kuna kona ya kushoto," alisema. "Halafu jiwe. Nyuma ya jiwe kuna barabara ya kahawa, iko nafuata hii barabara kubwa kwa mbali."

Berthe alimgeukia. "Ulifika huku lini?"

"Sijafika."

Kona ilikuwapo. Jiwe lilikuwapo, na kichwa chake cha ng'ombe. Nyuma yake ile njia ya kahawa ilikuwa imezibwa na magugu marefu kuliko mtu, lakini chini ya magugu udongo ulikuwa mgumu, na mguu wa Papa Sefu uliujua mara moja. Walitembea juu yake siku tatu bila kuona lori. Usiku walilala bila moto. Walikula mihogo waliyopewa na mwanamke mmoja ambaye hakutaka kutaja jina lake, na ndizi ambazo hawakupewa na mtu.

Si kila kitu kilitii picha. Kijiji ambacho Sikujua aliwaahidi kilikuwa majivu. Mahali fulani aliwapeleka kulia kwa kuwa alikumbuka mwanya kati ya miti, kumbe mwanya ule ulikuwa kinamasi, wakapoteza siku nzima wakijinasua. Siku ya kumi na mbili walifika mtoni. Sikujua alikuwa ameeleza njiani kwamba pale kuna ukingo mpana wa mchanga, na kwamba wakiteremka kidogo, maji ni ya magotini. Walitoka msituni wakakuta mto umejaa hadi kwenye mizizi ya miti, mwekundu, unaburuta magogo. Mchanga haukuonekana hata chembe. Mitumbwi ya kivuko ilikuwa imezamishwa.

Sikujua alikaa chini. Tangu waondoke Kabondo hakuwa amelia, na sasa alilia. Papa Sefu alisimama akiegemea fimbo yake, akitazama kelele za maji ambayo hakuweza kuyaona vizuri.

"Yule mupiga picha alikuja mwezi gani?" aliuliza.

"Wa pili."

"Basi picha haikunyeshewa na mvua. Haikusema uongo. Acha kulia, mama yangu."

Wakiwa katika hali hiyo mtu alijitokeza katika matete, panga mkononi. Alikuwa mzee kidogo, kofia kichwani. Aliwauliza kwa ukali ni akina nani na nani aliwaonyesha njia ile, kwa kuwa njia ya kahawa haijulikani na watu wa mji. Siku zile mgeni mmoja aliweza kuwa mpelelezi na kuleta msiba wa kijiji kizima. Berthe alianza kuomba. Sikujua alimtazama tu yule mtu, na machozi yakakauka.

"Papa, mimi niko nakujua," alisema. "Uko mara mbili."

"Nini?"

"Kwa picha. Kushoto umenuna, na kasia. Kulia unacheka, na kuku. Iko doa nyeupe kwa bawa."

Panga lilishuka taratibu.

"Ule kuku alitaka kukimbia," alisema mzee. "Mutu wa picha alisema nisitikisike. Lakini kuku alikuwa wa bibi yangu. Ningefanya nini?"

Akaanza kucheka, kwa sauti ya chini kwa sababu ya barabara, mabega yakitikisika. Nyota, ambaye hakuwa amesikia mtu akicheka tangu waondoke, akacheka pia.

Jina lake lilikuwa Alfani. Alikuwa na mtumbwi mmoja aliouficha. Aliwavusha wawili wawili katika maji yale mabaya, kwanza Berthe na mtoto, kisha Papa Sefu na binti yake, na mara ya pili gogo liligonga mtumbwi hata Sikujua akasoma shahada. Walipofika ng'ambo hakuwaacha. Aliwaongoza mwendo wa saa tatu hadi mahali watu wa kivuko walipojenga vibanda vyao msituni, akamwita mkewe.

"Fatouma, hawa ni wageni. Wanajua kuku yako."

Fatouma hakuuliza zaidi. Alikuwa mwanamke mrefu, wa maneno machache. Aliwapa lituma ya ndizi iliyopondwa, ya moto, na samaki mdogo mmoja waliyegawana wanne, na Sikujua aligundua baadaye tu kwamba siku ile Fatouma na Alfani walilala bila kula.

Mguu wa Papa Sefu haukuweza kufika Bafwasende, wakakaa hapo miezi saba. Berthe, aliyezaliwa na wavuvi na kuolewa na mtu anayeogopa maji, aliwafundisha wanawake wa pale kusuka mitego ya kwao ya Wagenia, na samaki wakaongezeka. Sikujua alilima. Papa Sefu alifundisha watoto alif na be kwa kuchora chini na fimbo. Nyota, watoto wa kina Alfani, na wa jirani waliokuwa Wakristo, wote walikaa mstari mmoja.

Mguu wa Papa Sefu haukupona. Fatouma aliukanda kila jioni kwa majani na maji ya moto, kama angemkanda baba yake. Mwezi wa Machi homa ilimpanda. Siku ya mwisho alimwita Sikujua akamwambia kwamba alikosea alipomzuia ile safari ya kwanza.

"Hapana, papa. Ulikuwa nachunga jina langu."

"Nilikuwa nachunga yangu," alisema Papa Sefu. "Unisamehe."

Alikufa kabla ya adhuhuri. Pale msituni hapakuwa na sanda. Watu walivaa magome na matambara. Fatouma aliingia kibandani mwake, akatoka na kitambaa cheupe kipya, kimekunjwa, kinanukia karafuu. Alikuwa ameolewa miaka thelathini, na kile kitambaa alikuwa amekiweka kwa ajili ya kifo chake mwenyewe.

"Mama Fatouma, hapana," alisema Sikujua.

"Mimi ningali hai," Fatouma alisema. "Yeye amekwisha kuenda. Shika upande huu."

Walikikata pamoja kwa kisu cha Papa Sefu.

Katikati ya mwaka 1965, njia ilipotulia, wanawake wawili na mtoto walirudi mjini. Berthe alitembea akiwa amevaa kitambaa cha ujane alichojifunga mwenyewe. Walipofika kwao Wagenia, kando ya maporomoko, mtu mmoja aliyekaa juu ya jabali akishona wavu alisimama. Alikuwa Zéphirin. Siku waasi walipokimbia alitoka gerezani na wenzake, na ndugu zake wakamficha kisiwani, katikati ya yale maji yaliyompa kizunguzungu. Sikio lake la kushoto halikusikia tena, na mkono wa kulia ulikuwa umevunjwa na kuunga vibaya. Berthe alifungua kile kitambaa cha ujane, akakitupa mtoni, akaketi chini kando yake. Sikujua aliwaachia nafasi. Alienda nyuma ya nyumba, akatawadha kwa maji ya mto, akaswali rakaa mbili za shukrani juu ya jiwe lenye magamba ya samaki.

Studio ilikuwa kuta tupu. Filamu za safari, Zéphirin alikuwa amezifukia ndani ya mkebe kabla ya waasi kuja, lakini unyevu uliingia, na katika mahali kumi na moja palipona panne. Ruwenzori ilipona. Kivuko hakikupona.

Kwa hiyo mwaka wa 1966, mwezi wa pili, walirudi barabarani. Urbain aliendesha. Timothée, ambaye naye alikuwa hai na amekonda, alitafuta mafuta kwa njia zake. Safari hii hakuna aliyemzuia Sikujua, na zaidi ya hapo alihitajika: mkono wa Zéphirin haukuweza kugeuza kamera bila kutetemeka. Alimfundisha kusawazisha miguu mitatu ya kamera kwa kutumia kikombe cha maji, na kugeuza kwa kufuata alama za misumari midogo aliyoipigilia kwenye kichwa cha mbao. Mahali pa kwanza aliharibu filamu nzima. Mahali pa pili alisahau kufungua kifuniko. Zéphirin hakumcheka, ila kwa ile barafu, ambayo hakuacha kumkumbusha.

Kwenye kivuko Alfani alikuwa amejenga mitumbwi mipya. Sikujua alishuka na mzigo wake: madebe mawili ya mafuta ya mawese, chumvi, dawa za homa, na kitambaa cheupe kipya kilichokunjwa. Fatouma alikipokea, akakinusa, akakiweka kando.

"Hiki kizuri kuliko kile," alisema.

"Aksanti yangu haitoshi, mama."

"Nani alisema itoshe? Kuya kula."

Kaburi la Papa Sefu lilikuwa limefyekwa, na pembeni watoto wake wa alif na be walikuwa wamepanga mawe ya mto. Sikujua aliswali hapo. Alasiri, jua lilipolala kidogo, alisimamisha kamera ukingoni. Mchanga ulikuwapo, mpana, mweupe, kama alivyoujua. Alimwambia Alfani asitikisike.

"Mimi nitasimama," alisema Alfani. "Leo ni zamu ya Fatouma."

Fatouma alikataa mbele ya watu wote. Lakini kamera ilipofika picha ya tatu, Sikujua alisikia nyayo nzito zikikimbia nyuma ya mgongo wake.

Baada ya safari ile studio ilifunguliwa tena, chumba kimoja, dirisha lilelile. Picha ndefu zilikuwa za mara moja moja. Kazi iliyokuja kila siku ilikuwa nyingine. Watu waliingia na picha zilizochanika, zilizozikwa, zilizokaa miezi ndani ya nguo zenye jasho: mume aliyebaki uso tu, mtoto aliyekatwa na mkunjo katikati ya kifua. Walimwuliza Sikujua kama zinaweza kuunganika. Nyingi ziliweza. Hakuchukua kitu kwa picha ya marehemu, na Zéphirin hakumwuliza.

Asubuhi moja akaja mwanamke kutoka Banalia aliyeitwa Julie, na vipande sita ndani ya karatasi ya sabuni. Ilikuwa picha ya ndugu yake. Sikujua alivipanga juu ya kitambaa. Kimoja kilikosekana, cha bega.

"Bega hatuna," alisema. "Lakini uso umekamilika, dada. Ona."

Julie aliinama akaona. Sikujua akaweka sufuria ndogo ya gundi motoni, akamsogezea kiti karibu na dirisha, akamwomba amweleze ndugu yake alikuwa mtu wa namna gani.